Anwani Ijulikane, Mtu Asitiriwe

Fungua daftari la AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani za intaneti barani Afrika, utaona kampuni ipi ya Tanzania ilipewa anwani zipi. Hutamwona muuza kabichi wa Mgeta, kule juu Uluguru, aliyetuma picha ya mzigo wake alfajiri.

Kwangu, hivyo ni sawa. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Ni mali ya wengi, kwa hiyo aliyegawiwa ajulikane. Ukitokea utapeli, tujue pa kupiga hodi.

Kuna wanaouliza: kama huna cha kuficha, kwa nini daftari lisishuke mpaka kwa mtu? Kanuni za mwaka 2018 za maudhui ya mtandaoni zilishaelekea huko, zikitaka kompyuta za intaneti kafe ziwe na anwani za kudumu, na kamera juu.

Lakini anwani si mtu. Kwenye simu, wateja wengi hutumia anwani moja kwa wakati mmoja. Barua ya matusi ikija na S.L.P. ya shule, utamkamata nani, mwalimu mkuu?

Mtoa huduma atunze kumbukumbu za nani alitumia nini, ila zifunguliwe kwa amri ya mahakama tu. Najua gharama yake: aliyetapeliwa atasubiri hati huku tapeli akitokomea. Hata hivyo, mimi mwandishi naletewa habari na watu waoga. Siku majina yao yakianikwa, watanyamaza, na tutakaokosa habari ni sisi sote.