Serikali Ikitenda, Nani Ametenda?

Husemwa kila siku kwamba serikali imeamua, serikali imekataza, serikali imeruhusu. Masikio yameyazoea maneno haya hata hayaulizi tena kitendo ni cha nani. Mtu akikata mti wa jirani, mkono uliokata una mwenyewe, na lawama ina mlango wa kubishiwa hodi. Serikali haina mkono wake yenyewe. Huazima mikono ya watu. Je, tendo likipita katika mikono mingi, lawama yake hupungua kwa kugawanywa, ama hubaki nzima mahali fulani?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 hujibu upesi. Mamlaka ya utendaji juu ya mambo ya Muungano, na juu ya mambo mengine yote ya Tanzania Bara, yamo mikononi mwa Rais, naye huyatumia mwenyewe au kwa kuwakabidhi wengine. Mawaziri huwajibika Bungeni kwa pamoja. Katika maandishi, basi, mwili ni mmoja na kichwa chake chajulikana.

Mwili huo ukitazamwa kutoka Madibira, katika wilaya ya Mbarali, hauonekani hivyo. Huko kuna mashamba ya mpunga ya yapata hekta 3,000 yanyweshwayo na mto Ndembera. Kibali cha maji hutolewa na bodi ya bonde la Rufiji, iliyo chini ya wizara ya maji; mifereji ni jambo la wizara ya kilimo. Maji yale yale hungojewa katika kinamasi cha Ihefu na katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990. Hapo wizara ya maliasili ina neno lake. Mbele zaidi, Mtera na Kidatu, yapo mabwawa ya umeme, na wizara ya nishati. Kila mmoja ana haki katika mpaka wake. Lakini ugomvi wao wizarani ni wa nyaraka tu. Wakutanapo kwa kweli ni penye jaruba la mtu mmoja, naye ndiye alazimikaye kutii amri zisizopatana.

Mwaka 2008 hifadhi hiyo ilipanuliwa kwa Tangazo la Serikali namba 28, ikagusa vijiji kadhaa vya Mbarali. Vijiji hivyo viliendelea kuwa na wenyeviti wao na shule zao. Mwaka 2022 mawaziri wakatangaza kwamba baadhi yake vihame. Mwaka 2023 mipaka ikarekebishwa. Ni ipi iliyokuwa serikali: iliyofungua shule, au iliyochora mpaka?

Zamani za ukoloni swali hili lilikuwa jepesi, kwa kuwa Bwana Shauri alikuwa mtoza kodi, mwamuzi na mtoa amri. Wepesi huo haukuwa na faida kubwa: aliyejulikana na wote hakuwajibika kwa yeyote kati yao.

Yupo atakayesema dawa ni shirikisho. Wazo si geni. Nyerere, Kenyatta na Obote walilitangaza Nairobi mwaka 1963 lisitimie, na rasimu ya Tume ya Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza serikali tatu. Kule Marekani gavana huchaguliwa na watu wa jimbo lake, wala si mjumbe wa Rais. Faida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo shirikisho hugawa mamlaka kati ya serikali na serikali. Haliwapatanishi mawaziri wa serikali moja. Mkulima wa Madibira angesimama mbele ya milango ile ile, pengine na mwingine wa ziada.

Asemaye “nimetumwa” amesema kweli, lakini nusu yake. Apokeaye amri hupokea pamoja nayo deni la kueleza sababu kwa yule itakayemwangukia, na uwajibikaji wa pamoja, ukichukuliwa kwa uzito, humnyima waziri wa maji ruhusa ya kusema kwamba mpaka ni shauri la mwenziwe. Ugumu uko katika kudai deni hilo. Diwani wa Madibira hupigiwa kura. Mkuu wa wilaya, na mkurugenzi wa halmashauri atiaye sahihi, huteuliwa na Rais.