Msiba wa Kujitakia

Wahenga walisema: msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hii imedumu vinywani mwa watu wa mwambao, na katika mengi imesema kweli. Ila upo mlango mmoja ambapo hupimwa upya kila usiku, nao ni mlango wa idara ya dharura ya hospitali, pale anapofikishwa mtu aliyetaka kujiua.

Kwenye benchi moja wameketi mzee aliyeshika kifua, mtoto anayewaka homa, na mwendesha pikipiki aliyevunjika mguu. Mwisho wa benchi ameketi kijana mwenye nguo safi. Hatoki damu, hapigi kite, hamsumbui mtu. Muuguzi ni mmoja. Nani atangulie?

Swali hilo ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji katika jeshi la Napoléon, alishikilia kuwa aliye hatarini zaidi ndiye atibiwe kwanza, awe jemadari au askari wa chini. Kanuni hiyo ikazaa nyingine. Mpango uliobuniwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1990, humpa kila mgonjwa rangi: mwenye nyekundu ahudumiwe papo hapo, ya machungwa ndani ya dakika 10, manjano 60, kijani 120, buluu 240. Katika mpango huo, mtu mwenye hatari kubwa ya kujidhuru hupewa rangi ya machungwa, ile ile ya mwenye maumivu ya kifua yatokayo moyoni. Kijana mkimya na mzee wake wa jirani wamewekwa sawa.

Wapo wasioridhika. Husema: mzee hakuyataka maradhi yake, kijana ameyataka, iweje wawe daraja moja? Hoja hii si ya barazani tu. Sheria nayo iliishika kwa muda mrefu. Uingereza ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosa hadi 1961. Na nchini Kenya, ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomtia hatiani mtu kama huyo, kinapingana na Katiba.

Lakini hoja hiyo haina mizani iliyo sawa. Mlevi aliyegonga mti kwa gari lake hufungwa jeraha kabla ya kuulizwa alikunywa nini. Ikiwa lawama haipimwi kwake, kwa nini ipimwe kwa kijana? Muuguzi akianza kupima nani anastahili, ameacha uuguzi na kushika ukadhi.

Tena neno lenyewe, kujitakia, lina shaka. Wengi waliookoka husema hawakukitaka kifo. Walitaka maumivu yakome. Hamu ya kufa hupanda na kushuka kama maji ya bamvua, na anayeshikwa mkono yalipojaa, mara nyingi huyaona yakitoka. Ndiyo maana dakika 10 zina thamani. Ndiyo maana pia muuguzi hana budi kumwuliza waziwazi kama anawaza kujiua: kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humfungulia njia ya kusema.

Hata hivyo, rangi pekee haitibu. Kijana aliyeandikiwa rangi ya machungwa kisha akaachwa peke yake ukumbini, akitupiwa jicho la dharau na kila apitaye, ametangulizwa karatasini tu. Mguu uliovunjika hufungwa. Yeye dawa yake ya kwanza ni mtu wa kukaa naye na kumsikiliza bila ya kumhukumu. Dawa hiyo haiuzwi dukani, na usiku wa manane watu ni wachache. Hapo ndipo hospitali hudhihirisha inachokithamini.

Wahenga hawakukosea. Methali yao ni ya kumwonya aliyesimama, si ya kumhukumu aliyekwisha kuanguka. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kilichomo ndani ya kijana yule hakuna akionaye kutoka nje. Mlangoni pale msiba ni msiba, na kilio chake ni kuitwa jina mapema, kabla ya kuondoka kimya kimya kama alivyoingia.