Anza Pale Pigo Lilipoishia

Mwanangu, jana nilikukuta umechuchumaa kando ya gari la mjomba wako, umekunja mikono ya shati, umeshika nyundo ya misumari. Nikakuambia iweke chini, ukanuna. Nilikuwa nashuka Nyawera, sikupata nafasi ya kukueleza. Leo kaa hapa.

Kwanza, si aibu. Ulikuwa unarudi nyuma katika kile kichochoro cha Kadutu ambamo gari na mbeba makaa hawapishani, nguzo ya jiwe ikakubusu mlango. Bukavu imejengwa kwenye miteremko na kwenye ncha za nchi kavu zinazoingia Ziwa Kivu. Asiyekwaruza gari hapa ni asiye na gari. Aibu ni kulitibu bati usilolijua.

Bati la mlango ni jembamba, milimita 0.7 au 0.8 tu. Lakini lina kumbukumbu. Pale lilipojikunja limekuwa gumu kuliko pembeni yake, ndiyo maana ukilisukuma kwa nguvu pembeni ndiko kunakolegea, mkunjo unabaki ukikucheka. Niliyajua haya kwa hasara yangu. Enzi za Zaire, nikiwa mwanafunzi wa gereji, nilipewa kapo, yaani boneti, ya Peugeot 404 niinyooshe. Nikaanza katikati ya shimo, nikalikingia chuma nyuma, nikapiga kama mtwanga sombe. Shimo likaondoka, kitambi kikaja. Ukikibonyeza kwa dole gumba kinaingia, po! Ukiachia kinatoka, po! Kama kifuniko cha kopo la maziwa. Fundi wangu akaniambia, "Umelilisha likanenepa." Kweli: bati likibanwa kati ya nyundo na chuma hukonda na kutanuka, na likitanuka halina pa kwenda ila juu au chini.

Basi utaratibu ni huu. Nguzo ilianza kukugonga karibu na kitasa, ikaburura hadi karibu na bawaba, ikaacha shimo kule na mgongo mrefu huku. Wewe uende kinyume: anza bawabani, pale pigo lilipoishia, urudi pole pole hadi kitasani. Kilichokunjwa mwisho kinyooke kwanza. Ukiukunjua ule mgongo, shimo litaanza kupanda lenyewe, maana mgongo ndio uliolishikilia.

Fungua kifuniko cha ndani cha mlango, pandisha kioo ili usikivunje, angalia nyaya zinapita wapi. Tafuta nyundo yenye uso mpana uliosuguliwa ukang'aa, kwa sababu kila alama ya nyundo inahamia kwenye bati. Tafuta na tasi, kile chuma kizito tunachokingia kwa mkono wa pili. Kiweke chini ya bonde, upande wa ndani, ukisukume kuelekea nje. Nyundo ipige kilima kilicho jirani, si juu ya tasi. Bonde litainuka huku kilima kikishuka. Piga kidogo, mara nyingi. Pigo moja la nguzo halifutwi kwa pigo moja la nyundo. Linafutwa kwa mia mbili ndogo.

Kila baada ya mapigo kumi, simama. Funika kiganja kwa kitambaa chembamba, fumba macho, pitisha mkono kwa urefu. Jicho hudanganywa na rangi, kiganja hakidanganyiki. Likibaki bonde dogo, liache. Kulifukuza bonde la mwisho ndiko kunakozaa kitambi.

Hapo ndipo mastiki ya kujazia inapoingia, nayo isizidi milimita 3. Wako wanaojaza shimo zima mastiki, wakapaka rangi, gari likang'aa siku ya kuuzwa. Likishashuka mara chache mteremko wa Ngomo kwenda Kamanyola, kwa mitikisiko ya barabara ile, mastiki inapasuka, maji yanaingia, kutu inakula gizani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na bati ulilolikwangua usiliache wazi hata usiku mmoja. Kwetu mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, na uzibue vitundu vya maji chini ya mlango.

Habari ya kunyoosha kwa maji ya moto uliyoisikia ni ya bampa za plastiki, chuma hakiyajali. Moto wa gesi usiuguse, nyuma ya bati kuna nyaya na sponji. Na kama mlango unagoma kufunga, au mwanya wake ni mpana juu na mwembamba chini, weka nyundo chini: mifupa ya gari imeguswa, lipeleke kwa fundi.

Sasa neno la mwisho. Najua kwa nini ulikuwa na haraka jana. Mjomba wako anapanda kutoka Uvira Jumamosi, ulitaka akute mlango umenyooka asijue kitu. Nimekwambia uanze pale pigo lilipoishia. Nguzo haikupiga pigo la mwisho, mwanangu. La mwisho ni kunyamaza kwako. Nyoosha hilo kwanza: mpigie simu jioni hii. Ukimaliza, pita kwangu. Tasi yangu iko chini ya kitanda, imefungwa katika kitambaa cha mafuta. Nitakuazima.