Uyoga Hausubiri

Wajukuu zangu mnaopeleka wageni Magamba, nanyi mnaosoma sekondari huku mlimani, picha zenu nimeziona. Masika ikianza tu, simu zinajaa uyoga: mweupe juu ya gogo la mkulo, wa manjano kando ya njia ya Irente, wa kahawia chini ya misonobari ya Shume. Ni picha nzuri. Ila karibu zote zimepigwa na mtu aliyesimama wima, simu juu, uyoga chini, na kinachoonekana ni kofia basi. Kisha mnaniuliza, "Babu, huu ni uyoga gani?" Ni sawa na kunionyesha kofia ya mtu ikiwa imetundikwa ukutani, halafu mkataka nimtaje mwenyewe na ukoo wake.

Shauri langu ni fupi, na maelezo yake ndiyo marefu: kabla hamjauliza jina, uchoreni.

Kazi yangu ya ujanani ilikuwa kukausha mimea kwa ajili ya hifadhi. Tawi la mse ukilibana kati ya magazeti na kulibadilishia karatasi kila siku, litakaa miaka mia na mjukuu wa mjukuu wako atalitambua. Uyoga haukubali. Ukiuanika, unajikunja kama vile haujawahi kuwa na umbo, rangi inakimbia, harufu inakwisha, utelezi wa kofia unageuka gamba. Ukiuacha mbichi, kufikia jioni funza wameshaingia. Ndiyo maana waliosoma kuvu zamani, tangu mamia ya miaka kabla ya kamera, walimhitaji mchoraji kuliko waliosoma miti. Mchoro haukuwa pambo la kitabu. Ulikuwa nusu ya ushahidi: mkavu kwenye bahasha, ulio hai kwenye karatasi.

Sasa tazameni yaliyotupata sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alizunguka milima hii Mjerumani mmoja, Carl Holst, akikusanya mimea na kuipeleka Berlin. Kati ya alivyopeleka zilikuwamo kuvu. Huko alikuwapo mtaalamu, Paul Hennings, akazipima na kuzipa majina ya Kilatini, na kuanzia mwaka 1893 maelezo yake yakachapwa. Hennings alifanya kazi yake vizuri kwa kile alichokuwa nacho mezani, lakini mezani palikuwa na vitu vilivyokauka vikavuka bahari. Uyoga wa Usambara ukaingia kwenye elimu ya dunia bila rangi yake. Na ilipofika Machi 1943, mabomu ya vita yakaiteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin, pamoja na mengi yaliyotoka huku kwetu.

Linganisheni na lile ua dogo la zambarau la Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilituma kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Likapandwa vyunguni, likachorwa kwa rangi katika majarida ya bustani, leo linakaa madirishani dunia nzima. Ua lilikubali kuchukuliwa mbegu. Uyoga ulitaka mtu akae chini mlimani, siku ile ile, na brashi mkononi, na mtu huyo hakuwapo. Hata baada ya Wajerumani kuanzisha taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902, upande wa pili wa milima, mawazo yao yalikuwa kwenye kahawa, mpira, katani na magonjwa yake. Siwalaumu, walitafuta faida. Nasema tu kwamba kazi ilibaki.

Kongo mambo yalikwenda vingine. Katika miaka ya 1920 mwanamke mmoja, Goossens-Fontana, aliyekuwa akiishi kule kwenye misitu wakati wa utawala wa Ubelgiji, alianza kuokota uyoga na kuuchora kwa rangi za maji ungali mbichi. Aliandika maelezo, akaukausha ule ule aliouchora, akapeleka vyote viwili Ubelgiji. Maurice Beeli akavisoma, na mwaka 1935 ukaanza kutoka mfululizo wa vitabu vya picha za uyoga wa Kongo, michoro yake ikiwa ndiyo uti wa mgongo. Mtafiti wa leo akipata uyoga wa msitu wa mvua, anaweza kuuweka pembeni ya mchoro wa mama yule na kuona: rangi hii, shina hili, pete hii. Wa kwetu akitaka kufanya hivyo kwa uyoga ulioelezwa kutoka Usambara enzi za Holst, anafungua bahasha na kukuta kitu cha kahawia.

Msije mkadhani mama huyo alihitaji cheo. Wala Beatrix Potter wa Uingereza, ambaye watu wanamjua kwa hadithi zake za sungura. Kabla ya sungura alikuwa akichora uyoga, mamia ya michoro, na mmoja wa waliomfundisha kutazama alikuwa tarishi wa posta wa Scotland, Charles McIntosh, aliyekuwa akipita mashambani na barua na kujua kila uyoga ulipoota. Tarishi alimpelekea uyoga kwa posta, Potter akamrudishia michoro. Mwaka 1897 andiko lake juu ya uotaji wa spora, lile vumbi ambalo kwa uyoga ni kama mbegu, lilisomwa mbele ya wanachuoni wa Linnean Society jijini London, likisomwa na mwanamume, George Massee, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa mkutanoni. Andiko halikuchapwa. Michoro ikakaa. Mwaka 1967 mtaalamu wa kuvu, W.P.K. Findlay, akatoa baadhi yake ndani ya kitabu cha kutambulisha uyoga, si kwa sababu ya umaarufu wa sungura bali kwa sababu ilikuwa sahihi. Hapo utaona tofauti ya kuchora vizuri na kuchora kwa ukweli. Potter aliweza vyote viwili. Nyinyi mkiweza la pili tu, inatosha.

Haya, kazi yenyewe. Usiung'oe uyoga kwa kuuvuta. Ingiza kisu pembeni, chimba, uinue na udongo wake, kwa sababu chini ya shina ndiko siri iliko. Uyoga mwingine hutoka ndani ya kifuko kama yai, na kifuko kile hubaki ardhini ukiuvuta. Jamii ya Amanita, yenye baadhi ya uyoga unaoua kuliko wote duniani, hutambulika kwa kifuko hicho pamoja na mambo mengine. Ukikiacha shimoni umeacha neno la kwanza la maelezo. Chora ukubwa wake halisi, kipimo kwa kipimo, rula ikiwa kando. Chora mchanga na uliokomaa, maana uyoga wa asubuhi na wa jioni huweza kuonekana kama jamii mbili. Kisha upasue katikati kutoka kofia hadi chini na uchore ule mpasuo: vibamba vya chini ya kofia vimeshika shina au vimejitenga, shina lina uwazi ndani au limejaa. Subiri kidogo. Mwingine ukikatwa hugeuka bluu mbele ya macho yako, mwingine hutoa maziwa. Simu haiwezi kukwambia hilo kama hukuwa umekaa. Unuse, uandike harufu.

Usiku, kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ufunike kwa bakuli. Asubuhi utakuta spora zimejichora zenyewe: nyeupe, waridi, kahawia, nyeusi. Jambo hili dogo lina uzito. Upo uyoga mkubwa mweupe wa kwenye majani, wenye magamba ya kahawia juu na pete shinani, wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Unafanana sana na mwingine unaoliwa. Ukiula utatapika na kuhara hadi ubebwe. Alama yake ni kwamba spora zake zina rangi ya kijani. Mchoro wa kofia tu usingekuokoa.

Na hapa nisimame, maana najua mtakavyokuwa na kiherehere. Mchoro ni wa kutambua na kukumbuka, si wa kujaribia kwenye sufuria. Usile uyoga kwa sababu umefanana na picha, iwe yangu, yako, ya kitabu cha Ulaya au ya kwenye simu. James Sowerby, aliyechora uyoga wa Uingereza katika kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1797, aliona hata michoro yake ya rangi haitoshi, akafinyanga mifano ya udongo ili watu waone wa sumu kwa pande zote. Kwetu kuna kitabu cha uyoga wa Tanzania cha mwaka 2003, cha Marja Härkönen na Tuomo Niemelä kutoka Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkikipata, kisomeni. Lakini mtaona kwamba uyoga wa kuliwa unasifiwa zaidi kwenye nchi ya miombo, na sababu ipo: miti ya miombo huishi kwa ubia na kuvu za mizizini, na kuvu hizo ndizo huzaa uyoga mwingi wa kuliwa. Msitu wetu wa mvua hauna miti mingi ya ubia huo. Basi anachojua bibi wa Iringa juu ya kikapu chake kisitumike Magamba bila kuuliza. Na misonobari iliyoletwa kupandwa ilikuja na kuvu zake za ugenini, ambazo hakuna bibi yetu aliyewahi kuzionja.

Kuna kuvu nyingine ambazo hamzipigi picha kabisa, nazo ndizo zinazokula fedha zenu za shule. Mnajua bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya. Mwaka 1845 ugonjwa huo uliangusha viazi Ireland na njaa ikaua watu wengi mno. Mabwana wakubwa wakabishana: ukungu ule mweupe chini ya jani ndio unaoua mmea, au unakuja tu baada ya mmea kuoza? Padri mmoja Mwingereza, Miles Berkeley, akaweka jani chini ya hadubini, akachora alichoona ndani yake, na mwaka 1846 akasimama upande wa wachache waliosema ukungu ndio chanzo. Alikuwa sahihi. Wataalamu wa sasa wameitoa kuvu ile kwenye ukoo wa kuvu za kweli, lakini mchoro wake haujabatilika, kwa sababu alichora jani, hakuchora hoja. Berkeley huyo huyo, akiwa na mwenzake Broome, ndiye aliyeipa jina kutu ya majani ya kahawa mwaka 1869, kwa majani yaliyotoka Ceylon.

Kwa hiyo ukienda shambani kwa mama, Malindi au Mlalo, nenda alfajiri umande haujakauka, geuza jani, chora pande zote mbili. Mabaka yenye duara ndani ya duara ni bakajani wahi. Baka lililolowa lenye ukungu mweupe chini yake ni bakajani chelewa. Dawa zake hazilingani, na duka la pembejeo litakuuzia yoyote utakayoitaja. Bwana shamba akiuona mchoro wenye tarehe na siku ya mvua, mtazungumza kama watu wawili wanaojua, badala ya wewe kueleza na yeye kukisia.

Mambo ya vifaa nisiwachoshe. Penseli, kwa sababu wino utayeyuka kwenye ukungu wa Magamba. Daftari lenye karatasi nzito kidogo. Rangi za maji za bei ya chini zinatosha, mradi uzichanganye mbele ya uyoga wenyewe, si nyumbani kwa kukumbuka. Usipokuwa na rangi, andika rangi kwa maneno ya hapa: rangi ya udongo wa Soni, rangi ya maziwa yaliyoganda. Pembeni ya kila mchoro weka tarehe, mahali, mti uliokuwa karibu, na kama uliota juu ya udongo, gogo, au kichuguu. Andika jina la Kishambaa kama ulivyolisikia, hata kama vijiji viwili vinalitamka tofauti. Andika yote mawili. Aliyekwambia naye mwandike, akikubali. Holst hakwenda porini peke yake, na waliomwonyesha njia majina yao sijawahi kuyaona popote.

Kisha tengenezeni nakala mbili. Carolus Clusius, aliyetoa andiko la kwanza kubwa juu ya uyoga wa Ulaya ndani ya kitabu chake cha mwaka 1601, michoro yake ya rangi ilipotea kwa wachapaji, kitabu kikatoka na picha za kuchonga kwenye mbao, na rangi zenyewe zikaja kuonekana Leiden baadaye sana. Hata hazina ya mimea ya Amani ilihamishiwa Nairobi. Nakala moja ibaki shuleni kwenu, ya pili ipelekeni kwenye hifadhi ya mimea ya watafiti wa misitu hapa hapa Lushoto, pamoja na uyoga ule ule mlioukausha, namba moja kwenye bahasha na kwenye mchoro. Mkifika mlangoni mkaambiwa hapa ni pa miti tu, msibishane. Ombeni kuketi, fungueni daftari, muwaonyeshe ukurasa wenye mpasuo na spora.