Kumtii Mwenye Bunduki

Mji ukitekwa vitani, wenyeji waliobaki huulizwa swali zito: amtiiye mtekaji, je, amekuwa msaliti?

Twauliza kwa sababu ya Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu husema lugha yetu. Wala mji huo si mbali nasi: askari wa Kenya walikaa huko katika jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Novemba 2022 hata Desemba 2023. Januari 2025 wapiganaji wa M23, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, waliuteka. Waliwahi kuuteka Novemba 2012, wakatoka baada ya siku chache. Mara hii walikaa, wakaweka gavana wao, wakatoza ushuru. Na mabenki yalipofungwa, mwenye akiba hakuweza kuitoa.

Huku Kanyangi, Kitui, tunakoandika, hapana askari mlangoni. Aliye mbali na moto huwa mwepesi wa kuhukumu, husema, “Mimi nisingalitii.” Basi mwenye watoto wenye njaa asifungue duka lake? Na akilifungua, ataukwepaje ushuru wa mwenye bunduki? Mtu huyu hakuchagua mtawala. Ametafuta chakula cha siku. Kumwita msaliti ni kumdhulumu mara ya pili.

Lakini dharura ina mpaka, na wanavyuoni wametufundisha kuwa hupimwa kwa kiasi chake. Kulipa ushuru chini ya bunduki ni dharura. Kumtaja jirani ili akamatwe si dharura, wala kuitwaa nyumba ya aliyekimbia. Na amsifuye mtekaji hadharani ili apewe cheo, huyo amefanya biashara. Basi kila mtu ajiulize: nililotenda limeniokoa mimi na watoto wangu, au limemwangamiza mwenzangu?

Mtekaji naye asidanganyike. Utii wa mwenye hofu si ridhaa, na soko kufunguliwa si ushahidi wa haki. Aushikaye mji kwa nguvu amejitwika amana ya kila roho iliyomo, wala hakupata kwa hilo haki ya kuumiliki.

Hofu yetu kubwa ni ya siku serikali itakaporudi. Isirudi na orodha ya wenye maduka na makarani. Kila mtu na ahukumiwe kwa kitendo chake, kwa ushahidi, mbele ya hakimu mwadilifu. Aliyeuza unga ili aishi, aachwe auze unga wake.