Je, Asili ya Kipagani Huibatilisha Dini?

Ndugu msomaji, ukiwa mtu unayeitafuta haki, au ukiwa umeingia katika Uislamu siku si nyingi zilizopita, huenda umekwisha kupewa kijitabu, au kutumiwa maandishi kwa simu, yasemayo kwamba dini ya jirani yako si kitu ila upagani uliovishwa kanzu mpya. Utaambiwa kwamba Krismasi ni sikukuu ya jua, kwamba Pasaka ni sikukuu ya mungu wa kike wa Babeli, na kwamba habari zote za Masihi zilinakiliwa kutoka kwa Horus wa Misri na Mithras wa Roma. Maneno haya hupendeza sana kinywani mwa mtu aliyeongoka karibuni, kwa maana humpa silaha asiyoitolea jasho.

Mimi nayajua kwa kuwa silaha hiyo niliitumia. Mwaka wa kwanza wa kusilimu kwangu nilikwenda kumwamkia mama yangu mzazi siku ya Krismasi, nikamkuta jikoni anapika wali na kuku kama alivyofanya tangu utoto wangu. Nikamwambia kwamba chakula kile anampikia mungu jua wa Warumi. Mama akaweka mwiko chini, akaniuliza, "Mwanangu, umepata kuniona nikilisujudia jua?" Sikuwa na jibu, basi nikamsomea kijitabu changu. Yeye akanyamaza, na chakula tukakila kimya.

Miaka kadhaa baadaye kijana mmoja Mkristo alinijia na kijitabu kingine. Kilisema kwamba Al-Kaaba ilikuwa nyumba ya masanamu, na kwamba kuizunguka, kulibusu Jiwe Jeusi na kwenda baina ya Safa na Marwa yote yalifanywa na washirikina kabla ya Mtukufu Mtume s.a.w. "Basi," akasema yule kijana, "dini yako nayo ni upagani." Nikaitambua sauti yangu mwenyewe.

Swali, basi, ni hili: tukijua kwamba jambo fulani la dini lilikuwako kwa wapagani hapo kabla, je, tumekwisha kujua kwamba jambo hilo ni batili?

Lakini kabla ya kulijibu ni wajibu wetu kuzipima habari zenyewe. Kurani Tukufu imetuamrisha tusiache uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse kwa mama zetu. Tuanze na tarehe 25 Desemba, kwa kuwa hapo ndipo wengi huanza. Ni kweli kwamba Kaisari Aurelian aliiinua ibada ya Jua Lisiloshindwa katika Roma mwaka 274. Ni kweli pia kwamba katika kalenda moja ya Kirumi ya mwaka 354 siku hiyo imetajwa kuwa ni siku ya kuzaliwa Asiyeshindwa, yenye mashindano 30 ya magari ya farasi. Ila kitabu kile kile kina orodha nyingine, ya Kanisa, ambamo siku iyo hiyo imeandikwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Masihi katika Bethlehemu. Ni nani aliyemwiga mwenziwe? Wataalamu hawajakubaliana. Wako wasemao kwamba Kanisa liliitwaa siku ya jua ili kuifuta. Na wako wasemao kwamba Wakristo wa zamani waliamini Masihi alisulubiwa tarehe 25 Machi, wakaamini pia kwamba mimba yake ilitungwa tarehe iyo hiyo, kisha wakahesabu miezi tisa mbele. Huko Antiokia, John Chrysostom aliwahubiria watu mwaka 386 kwamba sikukuu hiyo ilikuwa haijatimiza miaka 10 tangu ijulikane kwao, na Kanisa la Armenia mpaka leo husherehekea tarehe 6 Januari.

Kwamba Nabii Isa a.s. hakuzaliwa wakati wa baridi ya Desemba, sisi twaona hivyo kwa sababu nyingine: Sura Maryam yataja tende mbivu, na Injili ya Luka yataja wachungaji waliokesha makondeni na kundi lao. Hata hivyo Mkristo aweza kuikubali hoja hiyo yote asubuhi, na jioni akabaki Mkristo, asipungukiwe na kitu ila tarehe. Wapuritani wa Massachusetts, Marekani, waliipiga marufuku Krismasi mwaka 1659 kwa faini ya shilingi tano, wala sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1681. Hakuna awezaye kusema kwamba watu wale walikuwa wamelegea katika Ukristo wao.

Habari ya Pasaka ni dhaifu zaidi. Jina la Kiingereza la sikukuu hiyo ndilo lililowaponza waandishi wa vijitabu, kwa kuwa lafanana kidogo kwa sauti na Ishtar wa Babeli. Hoja hiyo ilienezwa na Alexander Hislop, mchungaji wa Kiprotestanti wa Scotland, katika kitabu cha mwaka 1858 alichokitunga ili kulipiga Kanisa Katoliki. Lakini sisi tusemao Kiswahili twasema Pasaka, na neno hilo latokana na Pesach ya Wayahudi, ukumbusho wa kutoka Misri pamoja na Nabii Musa a.s. Ishtar yuko wapi hapo?

Mithras naye, katika michongo iliyobaki, hazaliwi na bikira bali hutoka mwambani, wala hakuna andiko la kale lisemalo kwamba alikufa akafufuka. Horus hasulubiwi katika andiko lolote la Misri. Orodha ya waokozi 16 waliosulubiwa ilitungwa na Mmarekani Kersey Graves mwaka 1875, na mambo ya namna hiyo yakaenezwa upya na sinema iitwayo Zeitgeist mwaka 2007. Tena, aghalabu, wenye kutunga haya hawaishii kwa Masihi. Mwislamu anayeuazima msumeno wao akate tawi la jirani yake na atazame kwanza yeye mwenyewe ameketi wapi.

Haya, tuseme sasa kwamba mfanano mwingine ni wa kweli, kwa sababu upo ulio wa kweli. Je, mfanano huo wathibitisha ubatili? Duara tunaligawa katika sehemu 360, na mgawanyo huo tumeurithi kwa wanajimu wa Babeli, watu walioziona nyota kuwa ni ishara za miungu yao. Hakuna mwalimu wa hesabu aliyeukataa kwa sababu hiyo. Karibu na kwetu, watu wa Makunduchi, Unguja, huoga mwaka kila mwezi wa Julai. Hesabu ya siku hiyo ni ya Nairuzi iliyotoka Uajemi, ambako kabla ya Uislamu ilikuwa sikukuu ya Wamajusi. Nao manahodha wa pwani yetu waliitumia kuhesabia majira ya kaskazi na kusi. Mtu aweza kuipenda au kutoipenda sherehe hiyo, lakini hawezi kusema kwamba nahodha aliyehesabu siku za pepo aliuabudu moto. Jambo lilianzia wapi ni swali moja. Jambo ni kweli au si kweli ni swali la pili. Mwenye kulijibu la kwanza hajaligusa la pili.

Nilipofika hapa katika kumjibu yule kijana, nilikumbuka kwamba swali lake halikuvumbuliwa na adui yeyote wa Uislamu. Liliulizwa na Masahaba wenyewe. Juu ya Safa na Marwa yalisimamishwa masanamu mawili, Isaf na Naila. Ulipokuja Uislamu, baadhi ya Waislamu walisita kwenda baina ya vilima vile. Anas bin Malik r.a. ameeleza kwamba waliiona saayi kuwa ni katika mambo ya zama za ujahili. Bibi Aisha r.a. naye alimfahamisha Urwa, mwana wa dada yake, kwamba Ansari wa Madina kabla ya kusilimu walikuwa wakihirimia kwa ajili ya sanamu la Manat, na waliona vibaya kwenda baina ya Safa na Marwa. Watu hao walikuwa wametoka katika masanamu jana tu, na moyo wao ulikuwa ukiogopa kurudi. Ndipo ikateremshwa aya ya 158 ya Sura Al-Baqara (ya 159 kwa wenye kuihesabu Bismillahi), ikiwajulisha kwamba vilima vile ni katika alama za Mwenyezi Mungu, na kwamba hapana dhambi kwa mwenye kuhiji kuvizungukia.

Litafakari jibu hilo. Halikukanusha kwamba washirikina walikuwa wakienda pale. Halikuwakemea waliosita. Liliwafundisha kwamba unajisi wa washirikina ulikuwa kitu kilichoongezwa juu ya alama ya Mungu, nacho kingeweza kuondolewa alama ikabaki. Na hivyo ndivyo Mtukufu Mtume s.a.w. alivyotenda katika kila jambo. Makka ilipofunguliwa mwaka 630, masanamu 360 yaliyoizunguka Al-Kaaba yaliangushwa, na Nyumba ikaachwa. Tawafu ikabaki, lakini katika hija ya mwaka 631 ikatangazwa kwamba mtu asitufu uchi. Arafa ikabaki, lakini Makureshi, ambao kwa kiburi chao walikuwa wakiishia Muzdalifa, waliamriwa kwenda wanakokwenda watu wote. Na Seyidna Umar r.a., alipolibusu Jiwe Jeusi, alitamka hadharani kwamba ajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba asingalilibusu kama asingalimwona Mtume s.a.w. akilibusu.

Kijana hakuridhika. Aliniuliza: nitamthibitishiaje kwamba Al-Kaaba ilijengwa na Nabii Ibrahimu a.s. na mwanawe, na kwamba masanamu ndiyo yaliyokuja baadaye? Nilimjibu wazi kwamba sina jiwe la kumchimbulia. Nayakubali hayo kwa kuwa nimemsadiki aliyetuletea habari zake. Ikiwa Muhammad s.a.w. ni mkweli, basi masanamu yale 360 hayaidhuru Nyumba kwa lolote. Na kama si mkweli, hata ingalikuwa haijaguswa na sanamu hata moja isingetufaa kitu. Basi tuseme juu ya ukweli wake, nikamwambia, tuyaache mawe.

Huenda msomaji mjuzi akaniambia: mbona Kurani yenyewe, katika Sura At-Tauba aya ya 30, yawalaumu wamwitao Masihi mwana wa Mungu kwamba wanayaiga maneno ya makafiri wa kale? Naam, yasema hivyo. Lakini uangalie mpango wa aya. Kwanza yasema kwamba hayo ni maneno ya vinywa vyao tu, yaani hayana msingi. Kisha ndipo yataja mfanano. Kosa likiisha kuthibitika kuwa kosa, ni haki kuuliza limetoka wapi, kama vile tabibu akiisha kuujua ugonjwa huuliza mgonjwa aliupatia wapi. Lakini huwezi kumwita mtu mgonjwa kwa sababu tu alipita katika mji wenye maradhi.

Upande wa pili wa jambo hili nitaugusa kwa mfano mmoja. Tarehe 3 Desemba 1872, George Smith aliwasomea wataalamu wa London tafsiri ya kibao cha udongo kilichotoka Ninawi. Ndani yake mlikuwa na habari ya gharika, merikebu, na ndege waliotumwa kutafuta nchi kavu. Wengi walistuka: ati habari za Nuhu a.s. ni ngano za Babeli! Mbona hawakuona kwamba twaweza kuyasoma yale yale kwa njia nyingine? Kurani Tukufu yafundisha kwamba hakuna umma uliokosa mwonyaji. Aaminiye hivyo hatarajii kuwakuta mataifa ya kale wakiwa watupu; atarajia kukuta kwao mabaki ya mafundisho, yaliyochanganyika na ngano. Katika simulizi za Babeli miungu yaghadhibika kwa makelele ya wanadamu, na baada ya gharika yakusanyika kama nzi penye sadaka. Katika habari za Nuhu, watu waangamia kwa dhulma na ukaidi wao. Hili la asili moja ya dini zote ni jambo la imani, silitoi kuwa ushahidi wa wachimbuaji. Nasema tu kwamba mfanano peke yake hauamui upande.

Ukitaka kuhojiana na Mkristo, basi, acha jua la Aurelian. Wala usimwambie kwamba uungu wa Masihi ulibuniwa na Constantine huko Nicaea mwaka 325, kwa sababu Pliny, liwali wa Kirumi, yapata mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo humwimbia Kristo kama mungu. Hilo ni kongwe kuliko Nicaea kwa miaka zaidi ya 200, na ukongwe haulifanyi kweli vile vile. Fungua Injili ya Marko, mlango wa 12, mahali Nabii Isa a.s. alipoulizwa amri iliyo kuu, usome pamoja naye alivyoanza jibu lake kwa umoja wa Mungu. Muulize Masihi mwenyewe alimwomba nani.

Krismasi iliyofuata nilikwenda tena kwa mama, bila kijitabu. Wali ulikuwa mekoni. Nilimwomba radhi kwa maneno ya mwaka uliopita, kisha nikamwuliza lile ambalo ningalipaswa kuanza nalo: "Mama, unapomwomba Yesu, wamwomba nani?" Hakunijibu upesi. Alifunika chungu, akavuta kigoda kingine, akaniambia niketi.