Kutia Saini kwa Niaba ya Mwingine

Kumpa mtu fedha zako akutunzie ni jambo moja. Kumpa jina lako alitumie ni jambo jingine kabisa. Fedha zikipotea, hutafutwa nyingine. Lakini jina lako likishatiwa katika mkataba wa kuuza nyumba, nyumba imekwenda. Kwa hiyo hati ya uwakilishi, ile ambayo wengi wetu huiita "nguvu ya kisheria", inastahili kutafakariwa kuliko tunavyofanya. Aghalabu huandikwa upesi upesi kwa wakili, ikagongwa muhuri, watu wakaondoka. Swali kubwa hubaki halijaulizwa: aliyepewa kutenda kwa niaba ya mwenzake, atende lile analoliona jema yeye, au lile ambalo mwenyewe angelitenda?

Kwa miaka sita nilishika hati ya namna hiyo kwa niaba ya shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa mjini Tanga. Macho yake yalikuwa yamefifia, na miguu haikuweza tena kumfikisha benki. Hati iliniruhusu kupokea pensheni yake, kukusanya kodi ya vyumba vinne alivyopangisha, na kumwakilisha maofisini. Haikuniruhusu kuuza kitu. Sharti hilo alilitia mwenyewe mbele ya wakili, nami niliona ni busara, kwani mamlaka yasiyo na kazi hayana sababu ya kuandikwa.

Katika vyumba vile alikuwamo mjane mmoja, muuza maandazi, aliyekuwa na deni la kodi ya miezi minne. Kwa hesabu zangu alistahili kupewa notisi, na hati ilinipa uwezo wa kuitoa bila kumwuliza mtu. Hata hivyo nilikwenda kumwuliza mwenye nyumba. Shangazi alinisikiliza, kisha akasema, "Mwache, baba. Marehemu mumewe ndiye aliyenichimbia kisima hiki, na ujira alikataa."

Deni hilo la kisima halikuwamo katika daftari langu. Mwakilishi huona mapato na matumizi. Mwenye mali huona maisha yake yote. Mali ya mtu imefungamana na fadhila alizotendewa, ahadi alizotoa, na majirani watakaombeba siku yake. Anayeisimamia kwa hesabu peke yake anaweza kuiongeza huku akimdhulumu mwenyewe.

Lakini je, mwenyewe akitaka jambo la kumwangamiza? Tuseme anataka kumkopesha kijana mwenye maneno matamu kiinua mgongo chake chote. Hapo sioni kwamba uaminifu ni kunyamaza na kutii. Nina wajibu wa kumweleza wazi hatari ninayoiona, hata mara mbili au tatu, na hata kukataa kuwa mkono wake katika jambo hilo. Nisichoruhusiwa ni kuitikia "ndiyo, shangazi" mbele yake, kisha nikaenda kufanya nipendavyo. Kumshauri ni haki yangu. Kumzuia kwa siri ni kumnyang'anya.

Hayo yote yanawezekana maadamu mwenyewe anaweza kuulizwa. Ugumu huja pale akili inapomtoka. Sheria ya Mikataba, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961 kwa kufuata sana ile ya India ya mwaka 1872, inasema uwakala hukoma mwenye mali anapofariki au anaporukwa na akili. Basi hati hufa siku ile hasa inapohitajika zaidi! Uingereza walilitafutia jambo hilo dawa: sheria ya mwaka 1985, na baadaye ile ya mwaka 2005, ziliruhusu hati maalumu iendelee kuishi hata baada ya akili kupotea, lakini kwa kuandikishwa na kwa kuwekewa uangalizi.

Shangazi alianza kudai pensheni niliyomkabidhi asubuhi ile ile, na kuniita kwa jina la marehemu baba yangu. Karatasi mkobani mwangu ilikuwa bado safi, muhuri unang'aa. Karani wa benki angenihesabia fedha kama kawaida. Niliacha kuitumia. Tuliitana ndugu, tukaenda mahakamani kuomba awekwe msimamizi wa mali yake. Shauri lilichukua miezi, na kwa miezi hiyo tulichanga dawa zake mifukoni mwetu, ilhali fedha zake zimelala benki. Baadhi ya ndugu waliniambia, "Unamnyima mgonjwa haki yake kwa ajili ya karatasi."

Maneno yao yana uzito, na mwenye ndugu asiye na cha kuchanga atayaona mazito zaidi. Hata hivyo nawajibu hivi. Mlinzi wangu wa kweli hakuwa wakili wala benki, alikuwa shangazi mwenyewe, aliyeweza kuniuliza, "Ile ya mwezi jana iko wapi?" Sauti hiyo ilipozimika, nilibaki mshtakiwa na hakimu katika kesi moja. Leo ningetoa za dawa. Kesho ningejikopesha kidogo, kwa nia njema ya kurudisha. Mwaka ukiisha nisingejua tena zipi zake na zipi zangu. Wezi wachache sana huanza wakijua kuwa ni wezi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari nalo latakiwa lisomwe na jicho la pili. Unayepewa hati leo, omba mamlaka machache, na uandike kila shilingi mahali ambapo ndugu mwingine ataona. Zaidi ya hayo, muulize mzee wako sasa, wakati anaweza kujibu: ni nani anayemdai fadhila, na nani asisumbuliwe akikosa kodi. Benki haitakwambia hayo. Na wewe ndiye utakayetia saini kwa jina lake.